Wiki 24 kileleni na ndo wimbo wa kwanza: maswali yenu ya kantri

Haya wapenzi nimerudi. Wiki iliyopita niligusia kidogo tu "Cruise" ya Florida Georgia Line, wale vijana wawili wa kantri, kwamba ilikuwa singo yao ya kwanza kabisa na ikakaa namba moja wiki 24 kwenye Hot Country Songs, ile chati kubwa ya kantri ya Billboard kule Marekani, nikatania kwamba mama anaweza kujifungua na mtoto akaanza kukaa kitako huo wimbo bado uko palepale. Basi meseji zimemiminika utafikiri nimetangaza ajira. Nimechagua saba, wengine msinune.

Swali (Nakuru): Mzee wangu anasikiliza kantri tangu enzi za santuri. Anasema haiwezekani vijana wa juzi wavunje rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 60, tena kwa wimbo wa kushusha vioo vya gari. Mwambie ukweli.

Jibu: Mpe shikamoo zangu mzee. Halafu mwambie rekodi ilivunjwa kweli, ila na yeye ana haki ya kununa, nitaeleza.

Rekodi yenyewe ilikuwa wiki 21 na haikuwa ya mtu mmoja, walikuwa watatu wamefika hapo wakagota: Eddy Arnold mwaka 1947 kuingia 1948, Hank Snow (yule Mkanada) 1950, na Webb Pierce 1955. Baada yao wapo waliosogelea, Ray Price 1956 akafika 20, ila hakuna aliyewapita. Buck Owens 1963 alijitahidi akafika 16, baada yake kimya. Ukija miaka ya themanini ndo kabisa, namba moja ilikuwa kama choo cha stendi, huyu anatoka yule anaingia, mwaka mzima unakuta karibu nyimbo 50 tofauti zimepita pale juu, kwa sababu chati ilitegemea sana redio na kila lebo inasukuma ngoma yake mpaka kileleni, ikishafika wanaiachia wanahamia kusukuma nyingine.

Sasa Oktoba 2012 Billboard wakabadilisha kipimo. Badala ya kuhesabu redio za kantri peke yake wakaanza kuhesabu na watu wanaonunua wimbo mtandaoni, na wanaostrimu, na hapa ndo pa kusikiliza vizuri mzee, wakahesabu na redio zote, za pop zikiwemo. Wiki hiyohiyo kipimo kilipobadilika wimbo mmoja wa Taylor Swift uliruka kutoka namba 21 mpaka namba 1, siku moja, bila kufanya chochote kipya. Wakongwe wa Nashville, ule mji ambao ndo makao makuu ya kantri, walikasirika sana.

Na hawa madogo wawili wakatokea muda uleule. "Cruise" ilishika namba moja mwishoni mwa 2012, ikatoka, ikawa inajiondokea taratibu kama ngoma nyingine yoyote, halafu Aprili 2013 ikatoka rimiksi na Nelly, yule rapa wa St. Louis. Redio za pop zikaipokea, na Billboard wakazihesabu zote mbili, ya asili na ya Nelly, kama wimbo mmoja. Waliowahi kununua viazi shambani watanielewa haraka: hii ni lumbesa. Gunia limejaa hadi mdomoni, juu yake linashonewa nundu nyingine ya viazi imezungushiwa kamba, na kwenye hesabu linaandikwa gunia moja. Dada yuko kwenye foleni Los Angeles anasikiliza stesheni ya pop, kofia ya kauboi hajawahi hata kuishika, lakini masikio yake yanaongeza uzito kwenye chati ya kantri. Hivyo ndivyo wimbo ulivyorudi namba moja na kukaa hapo miezi, mpaka katikati ya 2013 ukawapita kina Hank Snow.

Ila mzee usishangilie sana. Mosi, hata hao wazee wako hawakupimwa kwa mizani moja na watu wa miaka ya themanini, enzi za Arnold kulikuwa na chati ya majukiboksi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu baa, baadaye zikaja chati tofauti za maduka na za watangazaji, na zilienda sambamba mpaka 1958 ndo zikaunganishwa kuwa moja. Pili, mizani mpya ilikuwa ya wote. Taylor Swift alikuwa nayo, Carrie Underwood alikuwa nayo, kila mtu Nashville alikuwa na uwezo wa kuita rapa na kushona lumbesa yake, na wakati ule hakuna mwingine aliyefika 24. Tatu, na hii kwangu ndo kubwa: "Cruise" ilishakuwa namba moja kwenye redio za kantri Desemba 2012, Nelly hajaitwa bado. Nundu ilishonwa juu ya gunia ambalo tayari limejaa.

Swali (Tanga): Mbona kuna sehemu nimesoma wiki 3 na sehemu nyingine 24? Nani muongo?

Jibu: Hakuna muongo. Walipobadilisha ile kubwa 2012 wakatenga nyingine ya redio za kantri tupu, inaitwa Country Airplay. Huko "Cruise" ilikaa namba moja wiki 3. Kwenye ile yenye mauzo na strimu na redio zote, 24. Ndo tofauti ya gunia na lumbesa kwa namba.

Swali (Mwanza): Hivi hawa jamaa walitoka wapi? Mtu anaanzaje tu na wimbo wa kwanza anapiga hivyo, au kuna mkono wa mtu?

Jibu: Mkono wa mtu upo siku zote ila sio unaoufikiria wewe.

Tyler Hubbard anatoka Georgia, Brian Kelley anatoka Florida, ndo hilo jina. Walikutana chuo, Belmont, hapohapo Nashville, wakaanza kupiga pamoja wakiwa wanafunzi. Prodyuza wao Joey Moi hakutoka kwenye kantri, alikuwa mtu wa roki, ametengeneza na bendi ya Nickelback, na ukisikiliza magitaa ya "Cruise" utamsikia yule mtu wa roki amekaa kwenye kiti cha nyuma. Wimbo ameuandika yeye na wao wawili pamoja na Chase Rice na Jesse Rice. Huyo Chase kabla ya hapo alicheza futiboli ya Kimarekani chuo cha North Carolina, kisha akaingia shindano la televisheni la Survivor akamaliza wa pili. Watu wana maisha marefu jamani.

Wimbo ulitoka 2012 kwenye EP, yaani albamu fupi, yao wenyewe kabla lebo kubwa hazijawasaini. Kuna stesheni ya setilaiti ya SiriusXM inaitwa The Highway, inapenda kujaribu watu wapya, ikaanza kuucheza, na watu wakawa wanaununua kwa wingi wakati redio za kawaida hazijaugusa. Lebo ilipokuja na karatasi za kusaini, mauzo yalishasema. Kwa hiyo "wimbo wa kwanza" hapa usiuone kama mtu kaamka asubuhi kakuta hiti mlangoni, umri wa ule wimbo kwa mashabiki ulishakuwa na miezi kadhaa redio zikiwa bado zinapiga miayo.

Halafu mi nina nadharia yangu kuhusu kwa nini haukuchosha watu mapema. Sikiliza unavyoanza: hausubiri. Nyimbo nyingi za kantri zinakukaribisha kwanza, gitaa kidogo, beti la kwanza linakupa habari ya mji na hali ya hewa, ndo unafika kwenye kiitikio umeshapoa. Huu unaanza na kiitikio chenyewe, sauti mbili zimebanana, kabla hujajua wimbo ni wa nani tayari unaimba. Ukiwa mtu wa kubadilisha stesheni ukiwa kwenye gari una kama sekunde tano za kuamua, na wao sekunde hizo tano wameweka kitu kitamu kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Mi mwenyewe nilikutana nao 2013 kwenye memori kadi. Mnakumbuka vile vibanda vya kujaziwa nyimbo, unampa kijana kadi yako na buku unamwambia nijazie za kantri, anakurudishia foda lina Dolly Parton, Kenny Rogers, Don Williams, na kwaya mbili ambazo hujaomba. Katikati ya hizo nikakuta faili limeandikwa Nelly tu. Nikajua kijana amekosea foda. Nimesikiliza mpaka nafika nyumbani nimeurudia mara nne na bado sikujua ule ni wimbo wa kina nani, nikawa nawaambia watu Nelly siku hizi anaimba kama mtu wa shamba. Nimewaambia watu wengi tu, samahanini.

Swali (Eldoret): Sisi huku kantri ni muziki wetu kabisa, wazee wanalia na Don Williams. Lakini ukiwawekea hii "Cruise" wanakunja uso. Shida iko wapi?

Jibu: Shida ni lori.

Sitanii sana. Don Williams alikuwa anaimba kama mjomba ameketi kibarazani jioni, hakimbizani na mtu, na ndo maana Afrika ilimpenda hivyo, mwaka 1997 alikwenda Harare akapiga shoo ikarekodiwa na watu pale wanaimba kila neno. Kina Sir Elvis hapo Kenya wamejenga jina kwa kantri ya namna hiyo, sauti imetulia, maneno unayasikia yote, unaweza kuipiga kwenye harusi na kwenye msiba na kote ikakubalika. Sasa "Cruise" ni msichana, bikini, lori la Chevy limenyanyuliwa matairi, barabara ya vumbi, vioo vimeshushwa. Mzee anasikiliza anasubiri hadithi ianze na wimbo umeisha.

Na sio wazee wa Eldoret peke yao, Marekani kwenyewe waliwachambua vibaya. Agosti 2013, wimbo ukiwa bado unatamba, mwandishi Jody Rosen wa jarida la New York akaupa mtindo huu jina, bro-country, mi naita kantri ya masela, na "Cruise" ndo alioushikilia mkononi kama kielelezo. Jina likaganda. Kila mwaka baada ya hapo zikaja nyimbo za lori na bia na kaptula ya jinzi mpaka wengine tukawa tunahesabu ni lori la ngapi. Lawama zote kuwabebesha hawa wawili sio haki, hao wa mwanzo hawakuomba kuigwa, ila harufu ya kiwanda kwenye zile zilizofuata ilikuwa kali na hilo lazima lisemwe.

Kwa hiyo mzee akikunja uso mwache. Mrudishie Don Williams wake maisha yaendelee.

Swali (Doha): Mi hoja yangu ni "Old Town Road". Ile nayo ni singo ya kwanza na kwa wakati wake ilikaa muda mrefu kuliko zote, mbona hamuitaji?

Jibu: Ndugu yangu nilijua utakuja, kila mara yupo mmoja wenu, na una hoja nzuri.

Lil Nas X, dogo wa Atlanta, alinunua biti mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa prodyuza wa Uholanzi anayeitwa YoungKio, akaachia wimbo Desemba 2018 mwenyewe bila lebo. Machi 2019 ukaingia kwenye Hot Country Songs, ukashika namba 19, halafu Billboard wakautoa. Wakasema hauna vionjo vya kutosha vya kantri ya leo. Mzozo ulikuwa mkubwa kwa sababu watu waliuliza swali rahisi tu: wazungu wawili wakimwita rapa inakuwa kantri wiki 24, kijana mweusi akivaa kofia mwenyewe na farasi wake inakuwa sio kantri? Na mi sijawahi kusikia jibu la kuniridhisha mpaka leo. Nelly alibebwa ndani kama nundu ya lumbesa, huyu alikuja na gunia lake mwenyewe akaambiwa mizani imeharibika.

Kilichofuata kinachekesha. Billy Ray Cyrus akaingia kwenye rimiksi mwezi Aprili, na huyu mzee anajua habari ya singo ya kwanza kuliko sisi sote, maana mwaka 1992 singo yake ya kwanza "Achy Breaky Heart" ilikaa namba moja kantri wiki 5 na kufika namba 4 kwenye Hot 100, ile chati kuu ya nyimbo zote. (Namba 4 hiyohiyo ndo "Cruise" nayo ilipofikia, sijui kuna nini kwenye namba 4.) Basi na Billy Ray mgongoni "Old Town Road" ikakaa namba moja ya Hot 100 wiki 19 mfululizo, ikaivunja rekodi ya wiki 16 ya Mariah Carey na Boyz II Men ambayo "Despacito" nayo ilikuwa imeifikia. Kwenye chati ya kantri hawakuirudisha palipostahili, ila mwaka huohuo chama cha muziki wa kantri, CMA, kikaipa tuzo ya kolabo bora. Fukuza mtu mlangoni, mpe soda dirishani.

Kwa hiyo kama hesabu yako ni Hot 100, wewe wa Doha umeshinda. Kama ni chati ya kantri, hawakumpa hata nafasi ya kushindana. Na mwaka 2024 wiki hizo 19 zilifikiwa na Shaboozey kwa "A Bar Song", wazazi wake Wanaijeria, japo kwake haikuwa singo ya kwanza. Wimbo huo umejengwa juu ya ngoma ya zamani ya J-Kwon, naye wa St. Louis kama Nelly. Huo mji sijui wanakunywa maji gani.

Swali (Morogoro): Na wanawake je? Maana naona ni wanaume na malori tu.

Jibu: Gabby Barrett, dada, chukua jina hilo. Alimaliza wa tatu American Idol mwaka 2018. Singo yake ya kwanza "I Hope" ilitoka 2019 na yenyewe haikuruka kama "Cruise", ilitambaa. Tunaongelea wimbo uliopelekwa redioni katikati ya 2019 ukafika namba moja ya redio za kantri Aprili 2020, yeye ndo kwanza katimiza miaka 20 mwezi uliopita, na dunia nzima imejifungia ndani kwa korona, hakuna shoo, hakuna ziara, hakuna hata pa kwenda kushangilia. Kisha rimiksi na Charlie Puth (mmeona? nundu tena), redio za pop zikadaka, na Novemba 2020 ukawa namba 3 kwenye Hot 100. Jumla ulikaa kwenye Hot 100 zaidi ya wiki 60.

Hizo 60 na ushee usizipite haraka. Kwa sheria za Hot 100 za wakati ule, wimbo ukishamaliza wiki 20 ukashuka chini ya namba 50 unatolewa kabisa, ili kupisha wapya. Kwa hiyo kukaa mwaka na zaidi sio kujificha huko chini namba tisini na kitu mpaka watu wakusahau, ni lazima uwe juu muda wote huo. Na wimbo wenyewe ni dua mbaya ya mwanamke aliyesalitiwa, anamwombea jamaa mema mengi tu na mpenzi mpya, mpaka mstari wa mwisho wa kiitikio unapogeuka ndo unajua anamwombea nini. Kwa watu tuliokulia kwenye taarabu, mipasho ya hivyo tunaijua, tofauti hapa hamna wa kutunza hela.

Nikiambiwa nichague kati ya "Cruise" na huu, nachagua huu, na sihitaji hata dakika ya kufikiria.

Swali (Nairobi): Rekodi ya 24 bado ipo? Na hao jamaa wako wapi siku hizi? Na nidownload ipi, ya asili ama ya Nelly?

Jibu: Maswali matatu kwa bei ya moja, wewe nawe lumbesa.

Haipo. Sam Hunt aliivunja 2017 kwa "Body Like a Back Road", wiki 34. Halafu hata hajakaa vizuri ikaja "Meant to Be" ya Bebe Rexha ikakaa wiki 50, na unajua aliimba na nani? Florida Georgia Line haohao. Walinyang'anywa wakaenda kuchukua tena.

Wao wenyewe kila mtu alishika njia yake, shoo ya kuagana walipiga Agosti 2022 kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, baada ya hapo Hubbard akawa anaimba kivyake na Kelley kivyake. "Cruise" waliiacha ikiwa na cheti cha almasi, kaseti milioni kumi tungesema zamani, na ilikuwa ya kwanza ya kantri kukipata.

Chukua ya asili. Ya Nelly nzuri ukiwa na watu wengi na spika kubwa, ila beti lake linaingia pale ambapo wimbo ulikuwa unataka kupumua. Na ukishadownload badilisha jina la faili, tafadhali.